Kunguni wa kitanda nisichoruhusiwa kukitaja

Wakuu, hamujambo humu ndani.

Nimesoma ule uzi wa ndugu anayelia kunguni. Nikacheka, halafu nikajikuna. Nami nina yangu, na ni ya kweli. Pahali nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Kiswahili changu ni cha Kasongo na shule yangu ilikuwa fupi, mutanivumilia.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, pamba bado ni lazima kwa kila mwanaume. Mke wangu Feza alikuwa amezaa mtoto wetu wa kwanza, Kalume. Mama yake akatoka Lusangi kuja kumwangalia mzazi, kama ilivyo desturi.

Mimi, kijana mwenye sifa, nikaenda Nyangwe kumnunulia mama mukwe kitanda cha kamba. Nikakifunga juu ya baiskeli nikaisukuma mpaka nyumbani. Njiani watu walinisifu. Labda si wote, wengine walicheka tu.

Kitanda kikaingia chumba cha ndani. Humo wakalala yeye, Feza na mtoto. Mimi nikabaki na mkeka sebuleni.

Sasa vijana muelewe kitu kimoja. Kwetu, mkwe mwanaume haingii pahali mama wa mke wake analala. Na kile kitanda hukitaji hata kwa mdomo. Ukikitaja ni kama umemvua nguo.

Haikukawia, Kalume akajaa vipele vyekundu mgongoni. Halia, hanyonyi, hasinzii vizuri... hapana, nimekosea, kulia alilia sana.

"Hii nyumba inakula mutoto," mama mukwe akamwambia Feza, kwa sauti ya kunifikia mimi. "Siku ya soko ikipita, tunarudia Lusangi."

Mke akirudi kwao na mtoto mchanga, kumtoa huko si mchezo. Ni kutuma wazee, ni mbuzi, ni maneno. Wengine hawakurudi kabisa.

Basi nikaanza vita. Nikatoa mikeka juani. Nikachoma majani ya migomba tuliyolalia. Nikaziba nyufa za ukuta kwa udongo. Nikafukiza pilipili, nyumba nzima ikakohoa.

Jirani yangu Ramazani akapiga kelele toka kwake: "Weye, unafukuza kunguni ao unafukuza mukwe?"

"Nyamaza! Anasikia!"

"Asikie, atajua njia iko wapi!"

Kunguni hawakujali. Asubuhi vipele vipya.

Kitu kimoja tu hakikuwa kimetoka nje. Munakijua. Nikamwomba Feza amwambie mama yake.

"Mimi nimuambie mama yangu iko muchafu? Utasema weye."

Mimi nitasemaje?

Asubuhi moja nimekaa uani na Kalume mapajani, tunaota jua. Mama mukwe yuko nyuma ya ukuta anachambua sombe, majani ya muhogo. Yeye, kama mabibi wote wa kwetu, alimwita mjukuu wake "bwana yangu". Nikafikiri: basi kama ni bwana yake, bwana anayo haki ya kusema habari ya kitanda cha mke wake.

Nikapaza sauti. "Kalume, weye ndio bwana wa ule bibi. Umuambie kitanda chake kitoke kwa jua. Kunguni wanakula weye."

Hata sombe ilinyamaza. Nikajua nimeiharibu.

Halafu sauti ikatoka nyuma ya ukuta, polepole: "Bwana yangu, uulize ule mutu anakubeba. Kitanda alileta nani?"

Kwa haki, sikujua kunguni walitoka wapi. Pengine Nyangwe, pengine kwenye mzigo wake, pengine walikuwa kwangu siku zote. Sitaki kuwasingizia watu wa Nyangwe. Lakini mtoto alikuwa anajikuna mikononi mwangu.

"Kalume, umuambie bibi yako: ni ule ule mutu anakubeba. Kitanda ni chake, na kunguni ni wake."

Nikasikia anacheka. Alicheka mpaka Feza akaja kuangalia.

Wakakitoa wenyewe, mama na binti, mimi nimegeuza uso kwa adabu. Wakamwaga maji ya moto kwenye viungo. Wakuu, kunguni walitoka kama watu wanaotoka misa!

Siku ya soko ikafika. Mama mukwe alienda sokoni, akarudi na chumvi.

Alikaa mpaka Kalume akajua kukaa. Siku ya kuondoka akaagiza kitanda kifungwe juu ya baiskeli, akambusu mjukuu: "Bwana yangu, uambie baba yako, hiki ninaenda nacho. Sasa iko safi. Na asininunulie kingine."

Nilichojifunza, kama kweli nilijifunza: kabla ya kuchoma nyumba, angalia kile ambacho nyote munaogopa kukitaja. Na lawama ikikosa mwenyewe, ichukue, usingizi urudi.

Ninyi kwenu mukwe anasemeshwa kupitia nani? Muandike hapa chini, nami nicheke.