Sikio la Kipimo

Fundi wa redio alikuwa na vipimo viwili vya spika. Cha kwanza kilikuwa mita kuukuu, sindano yake imelegea kama mkia wa mbwa mzee. Cha pili kilikuwa binti yake wa miaka sita, ambaye mtaa mzima ulimwita Kipimo. Fundi akimaliza kulehemu humpandisha mezani, humwekea spika sikioni.

"Vipi, mama?"

"Inakwaruza, baba."

Na kweli inakwaruza. Wateja hawakubeba redio mpaka Kipimo aipitishe.

Karakana ndiyo hiyo hiyo sebule, na nyuma ya pazia kitanda. Humo fundi alifuka moshi wa sigara kutwa kama lori bovu linalopanda mlima.

"Si nimefungua dirisha?" alijitetea.

"Dirisha umelijaza maredio," mkewe akamjibu. "Huo moshi upite wapi, au mpaka upige hodi?"

Sikio la Kipimo likaanza kutoa usaha. Likatiwa dawa, likakauka, likarudia. La pili nalo likafuata. Fundi akasema ni maji ya kuoga, akawasha sigara nyingine.

Kisha spika zikaanza kufa. Kila akiweka moja, Kipimo anatikisa kichwa: "Imekufa, baba." Redio ya kinyozi wa jirani aliifumua mara tatu.

"Fundi, mbona mimi naisikia tangu barabarani?" kinyozi akacheka.

"Hayo masikio yako yamejaa nywele za watu. Mwanangu hajawahi kukosea."

Akaifumua mara ya nne. Ni mkewe aliyesimama nyuma ya mtoto, akamwita kwa jina mara mbili. Mtoto hakugeuka.

Daktari alichungulia masikio yote mawili, kisha akamnusa fundi shati.

"Navutia dirishani," fundi akawahi.

"Moshi haukai dirishani, baba. Mtoto akiuvuta, njia ya ndani ya kwenda sikioni inavimba, uchafu unakwama. Sisemi ni moshi peke yake. Nasema haukumpa nafasi ya kupona."

"Atasikia tena?"

"La kulia tutalipigania. La kushoto, siwezi kukuahidi."

Fundi alitupa pakiti kwenye pipa la pale pale mlangoni.

Walipofika nyumbani, Kipimo alipanda mezani mwenyewe, kama kawaida, akangoja kazi. Fundi akajifanya anatafuta bisibisi. Mtoto akachoka kungoja. Akachukua spika ya kinyozi, akaibandika kwenye sikio la kushoto, akamkazia baba yake macho usoni.

Fundi akajilazimisha kutabasamu. "Vipi, mama?"

Kipimo akalisoma lile tabasamu, naye akatabasamu.

"Inaimba, baba. Safi kabisa."

Waya wa redio ulikuwa bado umeviringishwa mkononi mwa fundi. Hakuwa ameichomeka.