Nyimbo za Dada Zilizopunguzwa

Bi Kinanda, fundi cherehani, alikuwa na tovuti yake mwenyewe. Ilikaa chini ya meza ya kupigia pasi, ndani ya kompyuta kuukuu iliyoinuliwa juu ya matofali isijae nyuzi. Humo aliweka nyimbo alizorekodi na marehemu dada yake: yeye akipiga kinanda, dada akiimba. Aliziweka kwa FLAC, faili nzito zinazotunza sauti yote bila kupunguza kitu.

Alipolazwa hospitalini, alimwachia tovuti shemeji yake, mume wa marehemu. Aliporudi akafungua wimbo mmoja, akakunja uso.

"Shemeji! Hii nini?"

"Nimezigeuza zote ziwe MP3, tena zile nyepesi kabisa. Watu walilalamika zinakwamakwama. Sasa zinateleza."

"Na zile nzito?"

"Nilifuta. Zilijaza diski."

Bi Kinanda alirudisha wimbo nyuma, akaongeza sauti. Dada yake alikuwa na kawaida ya kuvuta pumzi ndefu kabla ya ubeti wa pili. Sasa ulisikika mkwaruzo tu, kama karatasi inayokunjwa.

"Mkeo huyo. Umemkata pumzi."

Shemeji akajikuna kisogo. "Si tunazigeuza tena ziwe FLAC?"

"Utapata faili kubwa yenye sauti ileile mbovu! Kilichokatwa hakirudi. Ungeweka zote mbili, nyepesi ya kusikiliza mtandaoni, nzito ya kupakua. Kuuliza tu kulikushinda nini?"

"Ulikuwa unaumwa, shemeji."

"Masikio hayakuwa yanaumwa!"

Akateremsha kutoka juu ya kabati kanda za zamani walizorekodia nyimbo hizo, akaanza kuziingiza upya kwenye kompyuta. Shemeji alikaa pembeni akimshikia waya uliolegea. Zilitoka safi, isipokuwa kanda moja. Ilikuwa nzima alipoinakili mara ya kwanza. Sasa ukungu ulikuwa umeigandisha. Ndiyo iliyokuwa na wimbo ambao dada aliuimba mara moja tu maishani mwake. Bi Kinanda aliilaza mapajani, akalia kwa hasira.

Leo kila wimbo una vitufe viwili, cha kusikiliza na cha kupakua. Ule mmoja una cha kusikiliza tu, na chini yake ameandika: "Nakala nzima ilifutwa na shemeji bila kuuliza."

Shemeji huja kumwomba aiondoe sentensi hiyo, maana hata majirani wameisoma.

"Si wewe bingwa wa kufuta?" humjibu, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Futa basi."

Nywila ya tovuti alishaibadilisha zamani.