Siku Niliyokuwa Mstari

Aibu niliipata, sibishi, na ukitaja jina langu pale Musoma hata leo kuna mtu atacheka kabla hujamaliza, ila kama umekuja kunisikia nikiomba radhi, umepotea njia.

Ilikuwa miaka ile ya kufunga mkanda, sabuni ya kutafuta, rangi ya kuchorea uwanja ndiyo haipo kabisa, kwa hiyo sisi marefa wa mpira wa kikapu tukachora mistari kwa majivu tuliyoomba kwa akina mama wakaanga samaki (tulinuka furu, vile visamaki vya ziwani, mchana kutwa, lakini mistari ilikaa vizuri). Musoma wanacheza na Bunda, na afisa michezo wa mkoa amekaa kwenye kiti anatuangalia, maana siku hiyo alikuwa anachagua refa mmoja, kati yangu na mwenzangu Abdala, fundi cherehani, wa kwenda kuchezesha mashindano ya kanda kule Mwanza. Niliitaka Mwanza ile mpaka nikaiota.

Kipindi cha pili upepo wa ziwa ukaamka, ukapeperusha mstari wote wa nyuma, ule wa chini ya ringi. Kocha wa Bunda, Masatu, mtu wa Kibara mwenye mdomo usiochoka, akaanza: mpira ukitoka anasema haujatoka, usipotoka anasema umetoka. Tulifundishwa kwamba refa hajibizani na kocha. Refa wa chini ya ringi anasimama nje, nyuma ya mstari, anatazama mikono ya wachezaji, basi. Mimi nikaacha nafasi yangu, nikaenda mpaka kwenye benchi lake, nikasema kwa sauti ya darasani (nilikuwa mwalimu, sauti ninayo):

"Kocha, kuanzia sasa mstari ni mimi. Mguu wangu ulipo, uwanja umeishia hapo."

Watu wakanipigia makofi, na mimi, Mungu anisamehe, nikavimba kichwa.

Sasa mstari hautembei. Nikisogea kidogo kumkwepa mchezaji, watu wanapiga kelele kwamba mstari umehama. Nikisimama palepale, mabega ya wale vijana yananiziba, sioni kitu. Hata hivyo nikaamua mipira yote kwa mguu wangu, huyu nikampa, yule nikamnyima, na hakuna aliyebisha tena. Mchezo ukiwa ukingoni, Musoma wako nyuma kwa pointi moja, nikachungulia nione vizuri, bila kujua nikaingia hatua mbili ndani ya uwanja, na mpira uliokuwa unakwenda nje ukanipiga kisogoni, ukamrudia kijana wa Musoma, akaufunga. Watu wakavamia uwanja kwa furaha.

Masatu hakupiga kelele. Alikuja taratibu, mikono nyuma.

"Mwalimu, si ulisema wewe ndo mstari? Sasa mpira ukigusa mstari inakuwaga nini?"

Kwenye kikapu, mpira ukigusa mstari umetoka. Ila kisheria, refa aliye ndani ya uwanja si mstari, ni kama sakafu tu. Mpira ukimgusa, mchezo unaendelea. Nilikuwa ndani, goli lilikuwa halali, na Mwanza nilikuwa nayo mkononi. Nikamtazama Abdala, Abdala akatazama ziwa. Lakini kipindi kizima nilikuwa nimewapa watu mipira na kuwanyima kwa neno lilelile, sasa nilimeze kwa sababu limewakata wa kwetu? Nikapuliza filimbi: nje, mpira wa Bunda. Na Bunda wakashinda.

Nilizomewa mpaka mlangoni kwangu (mama mkwe wangu akiwemo, tena mstari wa mbele). Mwanza akapewa Abdala, ambaye tangu upepo uanze hakuwa amepuliza filimbi hata mara moja. Afisa hakunizungusha.

"Mwalimu, ulitakiwa usimame nje na unyamaze. Yote mawili yamekushinda."

Baadaye nilikutana na Masatu mnadani Bunda, tukanywa chai, akakiri kwamba goli lile lilikuwa halali, alikuwa ananijaribu tu. Nikamwambia nilijua. Akanilipia chai.

Niliapa sitajibizana tena na kocha, na kiapo nimekishika. Wakipayuka, natazama mikono ya wachezaji. Ila ninyi mnaosema niliiuza Musoma, siku mtu mkubwa akiwapa neno mbele ya watu, halafu akaligeuza pale linapombana yeye, msije kulia kwangu.