Jumamosi Alizokataa Kulipwa

Nyumbani kwetu Nyacheki kuna dini mbili chini ya paa moja, na majirani walishachoka kulisema hilo. Mume wangu ni Msabato. Mimi ni Mkatoliki. Nilizaliwa Mkatoliki kwetu Sironga, na nilipoolewa nilisema waziwazi kwamba nabadilisha kijiji, sibadilishi misa. Wakwe waliguna, kisha wakanyamaza. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na nilikuwa na mdomo, sikatai.

Yeye alikuwa mzimamoto mjini Kisii tangu ujana wake mpaka alipostaafu akiwa na kifua kibovu. Moshi wa miaka yote ile haukutoka. Siku hizi akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye zizi, lazima asimame katikati, mkono kiunoni, akijifanya anakagua migomba. Nami hujifanya sijamwona.

Pensheni yake ilipigiwa hesabu kwa mshahara wa msingi peke yake. Na mshahara wa msingi wa mzimamoto, jamani, ni kichekesho. Kilichotulisha na kusomesha watoto kilikuwa ovataimu, zile saa za ziada za kubaki kazini wenzako wakiwa wamekwenda nyumbani, na hizo hazikuingia kwenye hesabu hata moja. Alipostaafu tukajikuta hatuna mbele wala nyuma. Dawa za kifua zikala akiba. Mwishowe nikamkodisha jirani kipande chetu cha juu cha chai, kile kinachochipua kuliko vyote, na kila asubuhi nikawa namtazama akichuma majani yangu huku akinisalimia kwa furaha. Niliitikia, lakini moyoni niliungua.

Halafu ikatangazwa kwamba kwa watu wa kazi za dharura, yaani wazimamoto, watu wa ambulensi na askari jela, ovataimu sasa itahesabiwa kwenye pensheni, hata kwa waliokwisha kustaafu. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Mume wangu aliendelea kula ugali wake wa wimbi na mboga za chinsaga, kimya. Kimya cha mtu huyu nakijua kuliko maneno yake.

“Kuna nini?” nikamuuliza.

“Hakuna kitu.”

“Kuna kitu.”

Akanawa mikono, ndipo akasema. Mimi nilijua kwamba kila Jumamosi, ibada ikiisha kanisani huko mjini, alivua suti akaenda stesheni kushika zamu, maana siku hiyo watu walikuwa wachache na soko limejaa. Nilichokuwa sijui ni kwamba saa hizo hakuwahi kuzidai. Wenzake walidai za kwao, wakalipwa, na sasa zingehesabiwa. Za kwake, daftari la zamu lilionyesha tu kwamba alikuwepo, basi. Angetaka zihesabiwe, ilibidi aende mwenyewe atie sahihi kwamba anazidai.

“Na hutaki kwenda,” nikasema.

“Kuokoa mtu siku ya Sabato si dhambi. Kupokea pesa yake ndiyo dhambi.”

“Nani alikwambia umdai aliyeungua? Ungeidai kaunti!”

“Pesa ya Sabato ni ya Sabato, mwalimu. Itoke mfuko wowote.”

Wee! Nilisimama nikasahau hata sufuria motoni. Acha niwaeleze kilichonipandisha, msidhani nilikuwa na tamaa tu. Katika boma la mume wangu hakuna mtu aliyeruhusiwa kuchuma chai Jumamosi, hata mimi nisiye Msabato. Siku za wiki nilikuwa darasani. Jumapili nilikuwa misani. Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo ningejichumia mwenyewe bila kulipa kibarua, na ndiyo iliyofungwa. Kituo cha chai kilikuwa wazi, wanawake wenzangu wanapita na vikapu mgongoni wakiniuliza kama naumwa, nami nimekaa barazani natazama majani yanakomaa. Nilivumilia kwa heshima yake. Nilijiambia, angalau mmoja wetu yuko mjini analeta kitu.

“Kwa hiyo mimi nilikaa hapa nimefungwa mikono,” nikamwambia, “na wewe uko Kisii unavuta mpira wa maji bure?”

“Haikuwa bure.”

“Ilikuwa nini basi?”

Alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kujibu. Kwake sentensi ndefu ni kazi.

“Kila nilichofanya maishani nimelipwa,” akasema. “Hata kanisani nikitengeneza madirisha, walinipa kitu. Jumamosi hizo peke yake ndizo nilizotoa. Siku nikiulizwa na Mungu nilitoa nini, sina kingine. Kitu umeshakitoa, unarudije kukiomba?”

Mke mwingine angenyamaza hapo. Naye alisema kutoka moyoni, niliona hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimeshiba hasira.

“Na mimi je?” nikasema. “Jumamosi hizo hazikuwa zangu pia? Uliniuliza kama nazitoa?”

Kikohozi kilimshika, nikamletea maji ya moto, akanywa, na hatukulirudia jambo hilo siku nyingi. Tulisemeshana mambo ya ng'ombe na mvua tu. Nilikuwa nimemkasirikia kwelikweli. Vilevile nilimwogopea, kwa sababu chupa ya dawa ilikuwa inakaribia kwisha na sikujua nitakodisha kipande gani tena.

Muda wa kudai ulipokaribia kufungwa, asubuhi moja nikamkuta amevaa suti yake na si Jumamosi. “Twende Kisii,” akasema. Sikuuliza la kwenda kufanya. Niliogopa kuuliza.

Ofisini tulipokewa na msichana mwenye adabu zake. Alimwita mzee, akaniita mama, akatuletea viti, akaeleza polepole. Mzee akitia sahihi hapa, saa zake zote za Jumamosi zinaingia kwenye pensheni. Akitia hapa chini, ameziacha, na jambo limefungwa, hata mimi nikibaki mjane sitaweza kulifungua. Akamsogezea kalamu.

Mume wangu akaishika, akaiweka mezani. Akanigeukia. Alisema kwa Ekegusii, na yule msichana akainamisha kichwa kwa sababu naye ni wa huku, alisikia kila neno.

“Sikukuuliza wakati ule. Ulisema kweli. Leo nakuuliza. Unazitoa?”

Ningesema ndiyo, ningekuwa mke wa kusifiwa kanisani kwake na kwangu. Nilimtazama shingo, jinsi mishipa inavyosimama akivuta hewa. Nilifikiria dawa. Nilifikiria jirani kwenye chai yangu. Nikafikiria pia kwamba mtu huyu, aliyeamua kila jambo la nyumba yetu bila kuuliza, alikuwa amevaa suti akaja mpaka hapa kuniuliza, na kwamba nikikubali zitolewe atakwenda nyumbani mwepesi na mwenye amani. Nilimpenda sana dakika ile. Naliandika hilo bila aibu.

“Sizitoi,” nikasema.

Msichana hakuinua macho. Mume wangu aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei. Hakubisha, hakuguna. Akachukua kalamu akatia sahihi ile ya juu, taratibu, jina lote kamili, akamshukuru msichana kwa kutungoja.

Kwenye korido akaomba tuketi kidogo kwenye benchi. Nilidhani ni kifua, nikaanza kutafuta dawa mkobani. Haikuwa kifua. Alikuwa analia, mtu ambaye hata kwenye mazishi ya mama yake sikumwona chozi.

“Basi naenda mikono mitupu, mwalimu,” akasema.

Nikamshika mkono mbele ya watu wote waliokuwa wakipita, jambo ambalo watu wa rika letu huku hawalifanyi. Nilitaka kumwambia pole. Lakini sikuwa nimejuta, na huyu mtu sijawahi kumdanganya, kwa hiyo nilikaa naye tu mpaka pumzi ikamrudia.