Somo Lililokosa Idara

Tusekile alizaliwa Mbozi, kwa wakulima wa kahawa, na mama yake, Enesi, hakuwahi kuelewa hasa binti yake alikwenda ng'ambo kusomea nini.

"Nanoelektroniki, mama," Tusekile alimwambia aliporudi. "Vifaa vya umeme vidogo mno, hata hadubini ya kawaida haivioni."

Mama akaendelea kuchambua kahawa. "Sasa kama havionekani, unajuaje umevitengeneza?"

Wakacheka wote wawili. Siku hizo Tusekile alikuwa bado mwepesi wa kucheka.

Alipata kazi katika chuo kidogo pale Mpemba. Mkuu wa chuo, Bwana Anyelwisye, alimtaka aanzishe kozi ya nanoelektroniki, kwa kuwa wafadhili walikuwa wameahidi maabara. Wanafunzi wakapokelewa haraka haraka. Kilichobaki ni maelezo kwa wakaguzi wa kozi: taaluma hii ni nini, mipaka yake iko wapi, na itakaa idara gani.

Katika kikao cha kwanza kila idara iliitaka.

"Elektroni inapenya ukuta ambao haikupaswa kuupita," alisema Gwamaka, mkuu wa Fizikia. "Hiyo ni fizikia tupu."

"Transista ni transista hata ikiwa ndogo namna gani," akajibu Ferista, mkuu wa Umeme. "Ni ya kwetu."

Tusekile aliomba nafasi. "Tukipima kwa udogo peke yake, simu zote mlizoshika zina transista za kiwango hicho, na somo litameza kila kitu. Mpaka wetu uwe tabia. Pale udogo wenyewe unapokifanya kifaa kifanye kazi kwa namna mpya, hapo ndipo taaluma yetu inapoanzia." Akawaonyesha alivyoipanga: nyenzo kwanza, kisha kifaa kimojakimoja, kisha saketi, na upimaji ukipita kote. Akapendekeza iwe na kitengo chake, kila idara ichangie mwalimu. Walimpigia makofi.

Kisha habari zikaja kwamba maabara haitaletwa. Katika kikao kilichofuata hakuna idara iliyoitaka tena; Gwamaka alisema saketi ni mambo ya Umeme. Ferista akamtazama Tusekile, wala hakuwa na hasira.

"Dada, wewe mwenyewe ulisema ni tabia mpya, si udogo. Basi si umeme tunaoufundisha sisi. Kwa maneno yako, ni fizikia."

Tusekile alikusanya karatasi zake. Maelezo aliyoyajenga ili kulipatia somo lake makazi ndiyo yalikuwa yanalifukuza.

Baada ya wiki chache Nesta alimfuata darasani. Nesta alitoka Msangano, na hakuna mwanafunzi aliyempita kwa kuuliza maswali.

"Mwalimu, ratiba ya mitihani imebandikwa. Sisi hatumo."

Tusekile alikwenda moja kwa moja kwa mkuu. "Mitihani nitatunga mimi."

"Na nani atayatambua matokeo?" Bwana Anyelwisye alisema kwa upole. "Wanafunzi wako hawana idara, mwalimu. Nitawaweka wapi?"

Ndipo Tusekile akaanza kukata mada za kozi ili Umeme waipokee. Akaondoa mirija ya nano ya kaboni. Akaondoa vifaa vya molekuli moja. Akaondoa elektroni inayopenya ukuta. Kila alichokiondoa kilikuwa kitu alichokaa miaka ugenini akijifunza, lakini alijiambia kwamba afadhali wanafunzi wabaki na kipande kuliko kukosa vyote. Ferista aliposoma kilichobaki, alikikubali kiwe somo moja ndani ya Umeme. Wanafunzi wangebaki chuoni, ila waanze upya mwaka wa kwanza.

Nesta hakurudi. Jumamosi moja Tusekile alimtafuta Tunduma, akamkuta karibu na mpaka, nyuma ya foleni ya malori, anauza vitenge.

"Mulishani, bamayo!" Nesta alikuwa akimsalimia kwa Kibemba mteja wa upande wa Zambia. Alipomwona mwalimu wake, akamwacha mteja kidogo.

"Nesta, nafasi yako ipo. Nimeongea nao."

"Shikamoo, mwalimu. Nafasi ya kusoma nini?"

"Umeme. Na ndani yake kuna somo letu."

"Lote?"

Tusekile alitaka kusema ndiyo. "Kidogo," akasema.

"Nyumbani nilishawaambia nasomea kitu kipya, mwalimu. Mwaka umepita. Niwaambie nini sasa?" Machozi yalikuwa yakimlenga, lakini mteja alikuwa ameshika kitenge na kusubiri, naye Nesta akamgeukia.

Tusekile alisimama pale mpaka ikaonekana anamzibia njia. Akaondoka bila kuaga.

Muhula huo alifundisha waliobaki. Siku moja alichora ubaoni elektroni ikipenya ukuta. Ferista, aliyekuwa akipita, akasimama mlangoni na kumkumbusha kwamba hilo halimo tena katika somo.

"Najua," Tusekile alisema. Akasita, kisha akafuta.

Mwaka uliofuata somo likafanywa la hiari, na hakuna aliyelichagua. Sasa Tusekile anafundisha hesabu kwa mafundi umeme. Mama yake akimpigia simu kumuuliza kazi inaendaje, anasema inaendelea vizuri, kisha anauliza haraka habari za mvua.