Trekta la Wifi

Nilianza mazoezi kwa chuki, na sioni aibu kusema hivyo. Wengine huanza kwa sababu daktari amesema. Mimi daktari alisema, akarudia, akanionyesha presha yangu kwenye mashine, nikamwitikia kwa heshima zote kisha nikapitia maandazi wakati wa kurudi dukani. Nauza vitambaa Mwanjelwa, hapa Mbeya, na kazi yangu kubwa ni kukaa. Aliyeninyanyua kwenye kiti ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, tena msibani.

Tulikuwa tunamzika baba mkwe kijijini kwao Kalenga, Iringa. Makaburi ya ukoo yako juu, ukishavuka mashamba ya mahindi, na njia yote ni ya kupanda. Wanaume walipokezana jeneza, sisi wanawake tukafuata tukiimba. Katikati ya njia pumzi ikaniishia, nikaegemea mti. Msafara ukanipita. Nilipofika juu, baba mkwe alikuwa ameshafukiwa, na yule mzee alinipenda. Sikumtupia hata konzi ya udongo.

Jioni, tumekaa kwenye mikeka tunakula, wifi akasema kwa sauti ya kumfikia kila mtu:

"Huyu wa Mbeya akifa, mzikeni hukohuko. Nani atampandisha kile kilima? Labda mkodi trekta."

Watu walicheka. Utani msibani upo, lakini una wenyewe, nao ni watani wa ukoo. Wifi si mtani wangu. Mume wangu naye alicheka kidogo, kisha akajifanya anakohoa. Nami nilicheka, ningefanya nini? Lakini kumnyima mke kaburi kwenye ukoo wa mumewe si mzaha, na palepale niliapa kwamba nitakipanda kile kilima mbele ya macho yake, halafu nimrudishie trekta lake.

Nikiwa Mbeya nilinunua saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo na kuyapeleka kwenye simu. Asubuhi ya kwanza nilielekea mlima Loleza, sikumaliza hata mtaa wetu. Saa ikatetemeka kunionya, nikakaa kwenye kibaraza cha duka la watu nikihema. Nikamkumbuka wifi. Nikasimama.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi za baridi, ukungu umelala juu ya mabati na blanketi halitaki kuniachia, nilifungua simu nikatazama picha yake, kidevu juu, na usingizi wote ukaisha. Nikirudi, natuma mchoro wa siku hiyo kwenye kundi la familia, mstari wa mapigo yangu pamoja na ramani ya njia. Sikuandika neno. Mashemeji walinipongeza. Wifi hakujibu hata mara moja, ila simu ilinionyesha kwamba amefungua, tena kabla ya wote. Hilo lilinipa furaha, furaha mbaya kabisa. Kitu kimoja tu kilinikera. Saa ilionyesha moyo unaruka pia jioni, nikiwa nimekaa sebuleni. Nikachunguza, nikakuta ni wakati ule wifi anapotuma salamu zake kwenye kundi.

Mwaka ulipotimia tulirudi Kalenga kujengea kaburi. Nilijitwika ndoo ya maji ya kuchanganyia saruji, nikapanda bila kupumzika, vijana wakabaki nyuma yangu. Juu nikatazama saa, moyo unakwenda vizuri. Nikageuka kumtafuta wifi. Maneno nilikuwa nimeyaandaa mwaka mzima: "Trekta limefika."

Hakuwepo. Alikuwa chini kabisa, amekaa kwenye jiwe, mkono kifuani. Nikashuka haraka, wala si kwa huruma, nilitaka asikie. Akaniwahi.

"Wifi, nisamehe. Yale maneno yalikuwa mabaya. Na mimi hospitali wameniambia presha iko juu."

Nilikasirika kuliko siku ya msiba. Mwaka mzima nampandisha mtu huyu Loleza kichwani mwangu, leo anashuka mwenyewe kwa neno moja? Lakini watu walikuwa wanatutazama, nikasema, "Yameisha, wifi." Na kweli yaliisha, hilo ndilo lililoniponza.

Tuliporudi Mbeya, miguu iligoma. Asubuhi nilifungua picha yake nikaona mama mgonjwa tu, nikajifunika tena. Saa ilikaa juu ya friji hadi ikazima. Maandazi yakarudi. Siku ya kliniki nesi alinipima, akanipima tena, akaenda kumwita daktari.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi duka la simu, nikanunua saa ya pili, nikaipakia kwenye basi la Iringa. Kisha nikampigia wifi. Sikumpa hata shikamoo.

"Mzigo wako unakuja na basi, kauchukue stendi. Na lile nililosema pale Kalenga nalirudisha. Sijakusamehe."

Akaniuliza, "Wifi, unaumwa?"

"Naumwa. Na wewe unaumwa. Lakini ukitangulia kufa, mimi kile kilima sikipandi. Watakuzika bila mimi. Mwambie mwanao atafute trekta."

Akakata simu. Mume wangu, aliyekuwa anasikiliza, aliniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia amalize chai yake.

Wiki ikapita kimya. Kisha asubuhi moja, kabla sijatoka kitandani, kundi la familia likalia. Mchoro. Mstari mfupi, kutoka kwake hadi kanisani na kurudi, mapigo yamepanda vibaya sana. Hakuandika neno. Nilihisi ile hasira yangu tamu inarudi, nikaenda jikoni pekupeku kuitafuta saa.

Siku hizi kuna asubuhi ananishinda. Mume wangu ananisihi tupatane, anasema dada yake bado analia akinitaja. Namjibu kwamba alie akiwa anatembea. Simsamehe. Nataka azeeke sana, na azeeke akinichukia.