Sista Gaudensia wa Musoma, Aliyefundisha Kabla Ugonjwa Haujafika

Alizaliwa mwaka 1966 katika kijiji cha wavuvi kwenye rasi ya Majita, Musoma, akabatizwa kwa jina la Gaudensia. Wazazi wake waliishi kwa dagaa, muhogo na sala. Alipokuwa binti wa miaka kumi na miwili, kipindupindu kiliingia kijijini. Mama yake, mwanamke asiyejua kumwacha jirani peke yake, alikwenda kumwosha marehemu wa nyumba ya pili, akarudi akapika, na kabla juma halijaisha akazikwa naye. Gaudensia alimwendea katekista Silasi, akamwuliza kama Mungu ndiye aliyetaka mama yake afe. Mzee yule akasema, “Mwanangu, alichotaka Mungu mimi sikijui. Ninachojua, hakuna mtu aliyemwambia mama yako hatari ya kumwosha maiti yule.” Maneno hayo hayakumtoka maishani. Baadaye alikiri kwamba wito wake ulianzia hapo.

Akamlea mdogo wake Masatu, ambaye alikuwa akimbeba mgongoni hata kisimani, mpaka kijana alipoweza kujitegemea. Ndipo akaingia utawa, akasomea uuguzi, akaweka nadhiri za daima, akatumwa katika zahanati ya Nyasho, mjini Musoma. Huko alihudumu miaka mingi bila sifa. Korona ilipopita, wengi wakashukuru na kusahau. Yeye hakusahau. Akaomba ukumbi wa kigango huko Kamunyonge, akaanza kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii kutoka Musoma, Bunda na Butiama: jinsi ya kutambua dalili za kwanza, kumtenga mgonjwa bila kumdhalilisha, kuuliza kwa upole amekula na nani na ameshikwa na nani, na kutoa taarifa siku hiyo hiyo. Aliwafanya waigize. Mmoja alikuwa mgonjwa, mwingine mume mkali aliyekataa kufungua mlango. Watu walicheka. “Sista anatuuguzisha ugonjwa ambao haujaja,” walisema, na hata ndani ya kamati ya parokia palikuwa na manung’uniko kwamba anaita balaa. Alijibu kwamba mtumbwi huzibwa ukiwa nchi kavu, akaendelea.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwanzoni mwa mwaka 2024. Kipindupindu kilizuka kando ya ziwa, na Masatu, aliyekuwa amehamia Guta kulima, akafia kwenye kambi ya matibabu. Gaudensia alifika Guta akakuta ukoo umekusanyika, ukidai mwili uletwe nyumbani uoshwe na chakula cha matanga kiliwe kama kawaida. Mlangoni mwa boma alisimama Penina, mhudumu wa afya wa kijiji, mmoja wa wanafunzi wake, na ndoo ya maji ya klorini miguuni. Baba yao mdogo, mzee Maige, akamgeukia Gaudensia machozi yakimtoka. “Sista, mwambie huyu binti atupishe. Sisi wafu wetu tulikuwaga tunawaosha wenyewe. Masatu ni mbwa, azikwe na wageni?”

Penina naye akamgeukia. “Sista, wewe ndiye uliyenifundisha,” alisema. “Ukiniambia niondoke, naondoka.”

Gaudensia alitamani kumwosha Masatu kuliko mtu yeyote aliyekuwapo pale. Wote walimtazama. Hatimaye akasema, “Usiondoke, Penina.” Kisha akapiga magoti mbele ya mzee. “Baba, huyu nilimbeba mgongoni. Lakini hawa walio hai nao ni wa kwetu.” Masatu akazikwa na watu wa afya, ukoo ukisimama mbali, na hapakupikwa kitu. Mzee Maige akatamka mbele ya wote kwamba Gaudensia asikanyage tena boma lile. Sista alikaa nje ya ua, juani, akisali rozari. Mtawa aliyefuatana naye alimsikia akirudia kwa kwikwi, “Bwana, nimemnyima mdogo wangu maji.”

Hazikupita siku nyingi, Wegesa, mjukuu wa mzee Maige, akaanza kutapika na kuharisha. Penina alimwanzishia maji ya ORS pale pale, akaita gari la wagonjwa, na Gaudensia, aliyebaki Guta kuhudumu, akawapokea kambini. Mtoto alikuwa amekauka, mshipa haupatikani, na mama yake alikwisha kuanza kulia kilio cha msiba. Gaudensia akamnywesha kijiko baada ya kijiko mchana kutwa, akitaja jina la Yesu kwa kila kijiko, huku wauguzi wakiendelea kutafuta mshipa hadi wakaupata. Jioni mtoto akafumbua macho, akasema, “Nataka uji.” Guta wanauita muujiza. Sisi hatutangulii hukumu ya Kanisa. Tunasimulia tu yaliyotokea, pamoja na hili, kwamba katika boma lile hakuna mwingine aliyeugua. Mzee Maige alikuja kuomba radhi. Gaudensia hakumwacha amalize. “Baba, ulikuwa unalia kama mimi,” alimwambia, wakaingia bomani pamoja.

Alifariki dunia mwaka uliofuata, huko Butiama, katikati ya mafunzo. Moyo wake ulichoka akiwa amesimama mbele ya wanafunzi. Walipomkimbilia na kuacha igizo lao, aliinua mkono akawaambia, “Endeleeni. Mgonjwa bado yuko mlangoni.” Hakusema tena. Alizikwa Musoma, na Penina ndiye aliyechukua nafasi yake kufundisha.

Wapo wanaowasha mishumaa kaburini pake, nao wanafanya vema. Lakini anayetaka kumfuata asingoje msiba. Aende kwa jirani leo, siku isiyo na mgonjwa, amwambie anachokijua, ingawa atachekwa. Na siku ukweli utakapomtaka amkatalie aliye wake wa damu, aombe nguvu ya kutoondoka mlangoni.